Mtungi wa kilo 6 umeisha siku ya 13, ugali ukiwa nusu. Nani anakula gesi yangu?

#1 Mke wa Fundi
Habari za jioni wadau.

Jana saa mbili na nusu usiku nasonga ugali. Uji umeshatokota vizuri, nimetia unga wa pili, nimekamata mwiko kwa mikono miwili. Moto ukafanya "pfu", ukanywea ukawa kama wa mshumaa, ukazimika. Kilichobaki kwenye sufuria si uji, si ugali. Watu watano wameshanawa mikono. Mume wangu akauliza, "Kwani mtungi tulinunua lini?" kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuubeba hata siku moja.

Huwa naandika tarehe kwa chaki ukutani, nyuma ya mtungi. Nikamulika na simu. Siku 13! Uliotangulia ulikaa siku 21, na wa kabla yake siku 24. Watu ni wale wale, jiko ni lile lile la pleti mbili, Tabata ni ile ile. Na shilingi 24,000 nililipa zile zile.

Ugali niliumalizia kwenye jiko la mkaa la jirani saa tatu na nusu. Ulikuwa na mabonge ungedhani kuna mihogo ndani.

Sasa nauliza, hii gesi inaenda wapi? Na kwenu mtungi mdogo unakaa siku ngapi?

#2 kisado_kimoja
Nimevuta kigoda. Wataalamu wa gesi waje.

#3 Baba Mapacha
Umepunjwa, hakuna kingine. Kuna watu mtaani wanahamisha gesi usiku kutoka mtungi mkubwa kwenda midogo. Unauziwa kilo 6 kumbe ndani kuna 4. Ile sili ya plastiki juu ya valvu ulikuta iko sawa? Najua hukuangalia. Hakuna anayeangalia.

#4 Mangi Mdogo
Baba Mapacha, sisi wauzaji tumekukosea nini?

Mimi nauza gesi, nina mitungi ya kilo 6 na 15, na ile ya 38 kwa mama lishe. Kila mtungi una namba ya uzito wake ukiwa mtupu, imegongwa au kuandikwa kwa rangi juu pale kwenye mshikio. Kama imeandikwa 7.5, ukiongeza 6 lazima mzani usome 13.5. Usichukue uzito wa mtungi wa jirani ukadhani ni sawa na wako, hata ya rangi moja inapishana. Wakala anatakiwa awe na mzani na wewe una haki ya kupimiwa mbele ya macho yako.

Mzani wangu uko mlangoni kabisa, watu wanaupanda wenyewe kujua kama wamenenepa. Mtungi hawapimi. Mwaka mzima walioomba kupimiwa hawafiki kumi.

#5 Kijana wa Geto
Mimi kilo 6 inanikalia miezi mitatu.

#6 Chapati Mbili
Miezi mitatu hupiki wewe, unapasha.

#7 Kijana wa Geto
Chapati Mbili napika, tena vizuri tu. Chai asubuhi, mayai jioni. Jumapili tambi.

#8 sufuria_nyeusi
Mleta mada, geuza sufuria zako uangalie matako yake. Yana masizi?

Moto mzuri wa gesi ni wa bluu na umetulia. Ukiona ncha za njano na sufuria inatoka nyeusi, gesi haiungui yote, hewa haitoshi. Mara nyingi ni uji uliomwagika ukaziba vitundu vya bana (kile kichwa cha jiko kinachotoa moto), au mende amejenga kwenye ule mrija wa chini. Usicheke, mimi nilitoa utando wa buibui mzima. Vua bana, loweka kwenye maji ya moto na sabuni, zibua vitundu kwa pini, kausha kabisa ndipo urudishe. Jina langu humu lina historia yake.

#9 Mhasibu Mstaafu
Tupunguze kulaumiana, tupige hesabu kwanza.

Pleti kubwa ya jiko la nyumbani ikifunguliwa mpaka mwisho inakula kama gramu 200 kwa saa, nyingine zaidi kidogo. Ile ndogo ni kama gramu 80. Kilo 6 ni gramu 6,000, kwa hiyo pleti kubwa peke yake inakupa saa 30.

Saa 30 kwa siku 24 ni saa moja na robo kila siku. Kwa siku 13 ni saa mbili na dakika kama 20. Tofauti yote unayoililia ni saa moja ya moto mkubwa kwa siku. Itafute hiyo saa moja. Nani anaiwasha, na anapika nini?

#10 Mke wa Fundi
Asanteni. Namba 8, masizi hakuna, nimeangalia zote. Sili nayo kweli sikuangalia, Baba Mapacha umenipata hapo.

Mhasibu, maharage napika Jumatano na Jumamosi, saa mbili na nusu kila mara. Lakini maharage napika miaka yote! Hayo ya siku 24 nayo yalikuwa na maharage.

#11 Chapati Mbili
Maharage saa mbili na nusu? Unapika maharage au kokoto? Loweka usiku, asubuhi mwaga yale maji, bandika kwa maji mapya. Yanaiva nusu ya muda huo. Yakishachemka punguza moto. Maji yanayotokota kwa fujo na yanayotokota polepole yana joto lile lile, fujo inakula gesi tu.

#12 Uyole Juu
Namba 11 umenena, ila kuna jambo watu wa pwani hamlijui.

Nilihama Dar kuja Mbeya 2019. Dar mtungi wa kilo 15 ulikuwa unanisogeza miezi miwili na nusu. Huku hata miwili haufiki. Nilimgombeza binti wa kazi wiki nzima, Mungu anisamehe, nikawa mpaka natia alama kwenye kiberiti. Aliyenifumbua macho ni mwalimu wa fizikia tunayepakana. Kasema mjini Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji yanatokota kwenye nyuzi kama 94. Dar yanatokota kwenye 100. Unaona sufuria inachemka kwa kelele zote kumbe joto halijafika lile la pwani. Kwa chai haisumbui. Maharage ndiyo yanagoma.

Halafu njoo Juni. Ndani ya mtungi kuna propani na butani zimechanganywa. Propani inageuka mvuke hata kwenye baridi kali, butani karibu na nyuzi sifuri inalala. Jamaa zetu wa Makete asubuhi ya baridi wanatikisa mtungi, wanasikia kabisa kuna kitu ndani, na moto unatoka kama unaombwa.

Nilinunua sufuria ya presha. Binti wa kazi nilimwomba radhi na kitenge.

#13 Ngosha Kando
Kwa hiyo Tabata imepanda mlima bila sisi kutangaziwa?

#14 Uyole Juu
Sijasema ndiyo sababu ya kwake. Nimesema binti wa kazi asiwe mtuhumiwa wa kwanza.

#15 Mke wa Fundi
Hata sina binti wa kazi. Binti wa kazi ni mimi.

#16 Mzaramo wa Bonde
Nyote mnazunguka. Hii ni chuma ulete. Kama wanaweza kukuvutia noti kwenye droo ya duka, gesi ambayo haionekani itawashinda? Na huyo jirani mwenye jiko la mkaa lililokuwa tayari limewaka saa tatu usiku, alijuaje kama una shida?

#17 Mke wa Fundi
Nilimgongea mwenyewe! Alikuwa anachemsha makongoro ya supu ya asubuhi.

#18 Mzaramo wa Bonde
Nimemaliza.

#19 Nyundo Tatu
Mimi kinachoniuma ni kitu kimoja. Gesi ni yetu, imetoka Mtwara, bomba limepita mpaka Dar, halafu tunauziwa mtungi kama tunauziwa dhahabu. Hapo ndipo tatizo lilipo, siyo maharage ya mama wa watu.

#20 Mhasibu Mstaafu
Mkuu Nyundo, hiyo siyo gesi ya mtungi. Ya Mtwara ni gesi asilia, karibu yote ni methani, inapita kwenye bomba na nyingi inaenda kuzalisha umeme. Ya mtungi ni propani na butani, inakuja kwa meli kutoka nje ikiwa imeshageuzwa maji kwa kugandamizwa. Ni bidhaa mbili tofauti, hata vitundu vya jiko havifanani. Songo Songo ya Mtwara iligunduliwa 1974, lakini haijawahi kuingia kwenye mtungi wako.

#21 Mwana wa Kilwa
Mhasibu, hesabu unajua, jiografia naomba unisikilize mimi. Songo Songo ni kisiwa cha Kilwa, mkoa wa LINDI. Ya Mtwara ni Mnazi Bay, iligunduliwa 1982. Ya kwetu ndiyo ilianza kuzalisha umeme 2004, bomba la Mtwara limekuja kukamilika 2015. Kila siku tunanyang'anywa kisiwa humu jukwaani.

#22 Mhasibu Mstaafu
Nimesahihishwa. Kisiwa kirudi kwa wenyewe.

#23 Nyundo Tatu
Sawa kwa elimu. Ila bado ni ghali.

#24 Mwanaisha wa Ng'ambo
Asalaam alaykum. Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza maji ya kuoga.

Hapa kwangu Unguja nilihangaika hivi hivi miezi mitatu. Nikabadilisha mpira, nikabadilisha duka. Kumbe mwanangu mkubwa kaanza kazi ya zamu, alfajiri saa kumi anabandika sufuria ya pilau, ile ya shughuli, iliyojaa maji, kwa ajili ya kuoga. Mfuniko hakuna. Joto lote hili la Unguja bado anataka maji ya moto! Nilimkuta kajifunga taulo anaisubiri sufuria kama anasubiri boti.

Mleta mada, shemeji yetu anaogea maji gani?

#25 kisado_kimoja
Kigoda nimekisogeza karibu zaidi.

#26 Mke wa Fundi
Mwanaisha...

Fundi wangu alipata kazi Kibaha tangu mwanzo wa mwezi. Anatoka saa kumi na moja alfajiri. Mimi huwa nimelala. Ngoja.

#27 Ngosha Kando
"Ngoja" ya mwanamke iliyoandikwa peke yake kwenye mstari. Fundi, popote ulipo, rudi Kibaha.

#28 Wa Kisauni
Salaam kutoka Mombasa. Huku mtungi mdogo ni kilo 6 kama wenu, lakini mkubwa ni 13, hiyo 15 yenu siijui.

Dada, mbinu ya kujua gesi imefika wapi usiku kabla ya ugali: mwagia mtungi kikombe cha maji ya moto ubavuni, kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Pale unapohisi baridi ghafla ndipo gesi ya maji ilipoishia. Huku twafanya hivyo kila tukitarajia wageni. Na ukiona umebaki kidogo, ulaze mtungi ubavu, utamalizia chai mbili tatu. Mamangu hufanya hivyo miaka yote.

#29 sufuria_nyeusi
Kisauni, ya maji ya moto ni kweli kabisa. Ya kulaza mtungi HAPANA, jamani msiige! Mtungi unasimama wima ili kinachotoka juu kiwe mvuke. Ukiulaza, ile gesi ya maji inaweza kuingia kwenye regyuleta na mpira, ikifika kwenye bana inalipuka kuwa moto mrefu. Mama ana bahati, mwambie aache.

#30 Wa Kisauni
Nitamwambia. Atanijibu kwamba amenilea kwa chai hiyo.

#31 Baba Mapacha
Narudi kwenye hoja yangu. Kama haukupunjwa, basi unavuja. Jirani yangu alisikia harufu siku tatu akadhani ni panya.

#32 Mangi Mdogo
Hapo sasa tuko pamoja. Ila harufu nayo ina ujanja. Gesi yenyewe hainuki, ile harufu huwekewa kiwandani makusudi ili ikivuja ujue. Na mtungi ukielekea kuisha harufu huwa kali zaidi kwa sababu ile dawa inabaki chini, inakuja na ya mwisho. Kwa hiyo ukisikia harufu siku ya mwisho usikimbilie kusema ulikuwa unavuja wiki nzima.

Kupima kuvuja: povu la sabuni ya kuoshea vyombo, pakaza kwenye valvu, regyuleta na miunganiko ya mpira, mtungi ukiwa wazi na jiko limezimwa. Povu likitutumka, hapo pana tundu. KAMWE usipime kwa kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inakaa chini sakafuni, usidhani dirisha la juu limeitoa. Na usiku mkilala fungeni kwenye mtungi, siyo kwenye jiko tu.

#33 Kijana wa Geto
Mangi mimi nalala na mtungi uvunguni. Nifanyeje?

#34 Mangi Mdogo
Leo hii uutoe nje.

#35 Chapati Mbili
Ndiyo maana miezi mitatu haiishi, anaogopa kuiwasha.

#36 Bi Harusi wa Zamani
Nimekuja kuvuruga mada. Gesi iishe siku 13 au 30, mimi malalamiko yangu ni UKOKO. Tangu tuhamie kwenye gesi, wali unaungua katikati duara moja jeusi, pembeni umelowa. Ule ukoko wa rangi ya dhahabu unaotoka mzima kama sahani, watoto wangu hawaujui.

#37 Mwanaisha wa Ng'ambo
Utandu, mwenzangu. Ukoko ni kitu kingine.

#38 Bi Harusi wa Zamani
Ukoko.

#39 Wa Kisauni
Matandu. Namuunga mkono Mwanaisha.

#40 Mwanaisha wa Ng'ambo
Sisi wa visiwani na mwambao tumeshinda kwa kura. Sasa nikupe dawa: maji yakikaribia kukauka, weka kikaango kizito au chuma kikongwe cha chapati chini, sufuria ya wali juu yake, moto mdogo kabisa, pleti ile ndogo. Joto linatawanyika, halichomi katikati. Dakika ishirini na kitu. Makaa ya kupalia juu ya mfuniko huna, lakini funika na kitambaa kizito mvuke usitoke. Hautakuwa sawa na wa mkaa, sitakudanganya, lakini utandu utaupata.

#41 Mhasibu Mstaafu
Dakika 20 za pleti ndogo ni gramu kama 27. Ukoko una gharama.

#42 Bi Harusi wa Zamani
Nalipa.

#43 Waya Mwekundu
Wakuu, mbona hakuna anayesema umeme? Nina jiko la presha la umeme mwaka wa pili. Maharage kilo moja, nimeangalia mita kabla na baada, uniti moja haikuisha. Nalipa 356 kwa uniti na kodi zake zote. Yaani sufuria ya maharage imeiva kwa pesa isiyofika ya chapati moja na chai.

Mhasibu nisaidie hesabu usije ukasema nimepiga debe.

#44 Mhasibu Mstaafu
Kilo moja ya gesi ya mtungi ina nishati kama uniti 12.8 za umeme. Kwa bei ya mleta mada kilo ni shilingi 4,000, kwa hiyo joto la uniti moja kwa gesi ni kama 312. Kwa umeme wako ni 356. Ukitazama hapo gesi ni nafuu kidogo. Lakini moto wa wazi karibu nusu ya joto lake linapita pembeni ya sufuria na kwenda kumpasha mpishi. Lile jiko la presha limefungwa, halipotezi. Kwa maharage Waya Mwekundu yuko sahihi. Kwa ugali sijui utausongaje humo.

#45 Waya Mwekundu
Ugali nabaki na gesi, nakubali.

#46 Nyundo Tatu
Mimi niko kwenye ile bei ya uniti 122, ya sisi tusiozidi uniti 75 kwa mwezi. Nikianza kupika na umeme nitavuka, nitolewe kwenye bei ya wanyonge. Kwa hiyo bei nafuu ninayo kwa sharti nisiitumie. Hapo nako mnanishauri nini?

#47 Waya Mwekundu
Hapo sina jibu mkuu.

#48 Mama Kitimoto Mkavu
Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mimi nimo kwenye hiyo 80 kuanzia tarehe 25 mpaka tarehe 10. Baada ya hapo nipo na mkaa.

#49 Uyole Juu
Tarehe 25 ndiyo mtu anakunja nne jikoni. Mshahara na mtungi mpya siku moja, unaufungua ule moto unatoka kwa nguvu "fwaa", unaangalia tu, hupiki kitu.

#50 Mama Kitimoto Mkavu
Kumbe siko peke yangu!

#51 Chapati Mbili
Raha yangu mimi ni kuwa na mtungi wa akiba. Nilijinyima mwaka mzima nikanunua wa pili. Ukiisha katikati ya chapati nabadilisha kwa dakika mbili, nafuta mikono, naendelea. Mama mkwe alikuwepo siku moja akaona. Hakusema neno. Lakini aliona.

#52 Mke wa Fundi
Nimerudi wadau, siku ya tatu leo.

Kwanza, maji ya kuoga. Nimeamka saa kumi na nusu nikajibanza koridoni. Kweli, sufuria imebandikwa! Lakini ni ile ndogo ya uji, lita tatu hivi, ina mfuniko, moto wa wastani, dakika kumi akaitoa. Nimemuuliza, akasema alianza tangu kazi ya Kibaha. Mhasibu, hiyo inafika saa moja kwa siku?

Pili, mtungi mpya. Nimeenda na maneno ya Mangi kichwani, nikasema nipimieni. Yule kijana aliniangalia kama nimeomba cheti cha kuzaliwa cha mtungi. Umeandikwa 7.9, mzani umesoma 13.8. Povu la sabuni nimepaka kote, limetulia.

#53 Baba Mapacha
7.9 ongeza 6 ni 13.9. Gramu 100 ziko wapi? SIYO NILISEMA?

#54 Mangi Mdogo
Gramu 100 kwenye mzani wa dukani ni vumbi, mkuu. Mtungi ukikwangua rangi tu umeshapishana.

#55 Mhasibu Mstaafu
Gramu 100 ni nusu saa ya pleti kubwa. Maji ya kuoga dakika 10 kwa siku 13 ni saa mbili na kitu. Jumla haifiki saa tatu. Bado natafuta saa kumi hivi.

#56 Mwanaisha wa Ng'ambo
Dakika kumi ulimwona wewe, na alijua umeamka. Koridoni hapafichi mtu.

#57 Ngosha Kando
Dada, huo wa siku 13 ulikuwa mwezi gani? Na watoto wanasoma?

#58 Mke wa Fundi
Juni. Wanasoma msingi, watatu.

#59 Ngosha Kando
Likizo! Watoto watatu nyumbani mchana kutwa. Shuleni walikuwa wanakula mchana, sasa wanakula kwako. Mchana unapika mara moja zaidi, na saa kumi chai. Saa moja ya Mhasibu hiyo hapo, kwa mikono yangu.

#60 Mhasibu Mstaafu
Naona mwanga.

#61 Mke wa Fundi
Ngosha ungekuwa umepatia, ila shuleni kwao hawali, wanarudi mchana kula nyumbani. Saa saba wote wako mezani, likizo au shule. Chai ya saa kumi ndiyo imeongezeka, na mandazi mara mbili tatu. Sawa, mara nne.

#62 Ngosha Kando
Mandazi mara nne kwenye mafuta kwa pleti kubwa halafu unatuuliza nani anakula gesi.

#63 Mke wa Fundi
Na mtungi wa siku 21 nao ulikuwa na mandazi! Nilikuwa nawafungia ya shule!

#64 Mzaramo wa Bonde
Mnaona sasa. Kila sababu mnayoshika inateleza. Makongoro ya jirani yanachemka usiku kucha na hakuna aliyemuuliza anatumia mkaa wa nani.

#65 Uyole Juu
Maharage umeloweka safari hii?

#66 Mke wa Fundi
Nimeloweka, saa moja na robo yameiva. Chapati Mbili asante. Fundi naye anaogea ya bomba, kanuna kidogo. Bana nimezisafisha hata kama hazikuwa na masizi. Nimebadilisha kila kitu kwa mpigo, kwa hiyo hata ukikaa sana sitajua ni kipi.

#67 sufuria_nyeusi
Ndiyo ugonjwa wa dawa tano kwa pamoja.

#68 Kijana wa Geto
Mtungi nimeutoa uvunguni. Sasa uko dirishani, mwenye nyumba kaniuliza kama nimeanza kuuza gesi.

#69 kisado_kimoja
Kigoda kimenichosha. Nafufua uzi baada ya wiki mbili. Mleta mada, leo siku ya ngapi?

#70 Mke wa Fundi
Siku ya 19. Moto wa bluu, umesimama. Nimesonga ugali sasa hivi umeiva wote. Naomba tusiutajetaje.

#71 Chapati Mbili
Umeshautaja.

#72 Wa Kisauni
Mwagia maji ya moto upapase, dada. Uniambie baridi imeanzia wapi.

#73 Mke wa Fundi
Sitaki kujua.